Somo la Mwezi Huu: Kijana Aliyelala Dirishani



Somo letu la mwezi huu limeandikwa katika Matendo ya Mitume, sura ya 20, toka mstari wa 7 hata wa 12. Twawaomba mlisome kwanza ninyi wenyewe, polepole, kabla ya kuendelea na maneno yetu. Na wainjilisti watakaolifundisha mitaani walisome kwa sauti mara mbili, maana ni fupi, na watu wengi hudhani wanalijua, kumbe wanakumbuka kule kuanguka tu.

Habari yenyewe ni hii. Mtume Paulo yuko Troa, naye amekusudia kusafiri kesho yake. Siku ya kwanza ya juma ndugu wanakutanika kuumega mkate, katika chumba cha juu chenye taa nyingi. Paulo anahutubu hata usiku wa manane. Kijana mmoja, jina lake Eutiko, ameketi dirishani. Usingizi unamlemea, anaanguka toka orofa ya tatu, anaokotwa akiwa maiti. Paulo anashuka, anamkumbatia, anawatuliza watu akisema kwamba uzima wake ungalimo ndani yake. Kisha wanapanda tena, wanakula, wanazungumza hata alfajiri, na kijana analetwa yu hai.

Tumelisikia somo hili likihubiriwa mara nyingi, na karibu mara zote mhubiri alilifanya kuwa onyo kwa wasinziao kanisani. Sisi nasi tulihubiri hivyo. Leo twaona aibu, na sababu yake tutaieleza. Lakini kwanza na tuitazame saa ya mkutano ule.

Siku hizi Jumapili ni siku ya kupumzika, nasi twadhani ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Sivyo. Kaisari Konstantino ndiye aliyeamuru, katika mwaka 321, kazi za mijini zisimame siku hiyo. Zamani za Paulo siku ya kwanza ya juma ilikuwa siku ya kazi kama nyingine. Mtumwa alichota maji, fundi alikaa kiwandani, mchukuzi alibeba mizigo bandarini. Kwa hiyo twafikiri kwamba Wakristo wa Troa walikutana usiku kwa kuwa mchana hawakuwa na nafasi. Wala Luka hakuandika kwamba Eutiko alikuwa mvivu au mwenye dharau. Hakuandika kazi yake pia, ila katika mstari wa 12 alitumia neno la Kiyunani ambalo laweza kuwa mtoto, tena laweza kuwa mtumishi. Huenda kijana yule alikuwa ametumika tangu mapambazuko, kisha akaja kujifunza, akachagua dirisha apate upepo ili asilale. Hayo ni mawazo yetu, hatuwalazimishi kuyashika. Lakini jambo moja limeandikwa wazi: Paulo hakumkemea. Alishuka ngazi.

Sasa tuseme habari ya aibu yetu. Katika usharika wetu yuko kijana mmoja, mwimbaji wa sauti ya tatu katika kwaya. Jumapili mbili mfululizo alisinzia wakati wa mahubiri, naye ameketi mbele mahali pa kwaya, ambapo usharika wote humwona. Ile Jumapili ya pili tukayakatiza mahubiri, tukamtaja Eutiko, tukasema kwamba shetani naye ana mito yake laini. Watu wakacheka. Kijana akashtuka, akatazama huku na huku, asijue wanachekea nini. Tangu siku ile hatukumwona Jumapili saba.

Mama mmoja, mzee wa kanisa, akatujia baada ya ibada akasema, “Baba Mchungaji, yule mtoto hulinda ghala usiku kucha, na mchana husoma. Mlimwaibisha bure.” Tukamwomba atupeleke kwake.

Tulimkuta chumbani, ameketi juu ya kitanda na daftari magotini, miguu ameitia katika beseni la maji baridi. Wale waliosoma kwa taabu wanajua maana yake: ni dawa ya usingizi. Akainuka kwa haraka, maji yakamwagika, akatuamkia, na kabla hatujafungua kinywa akasema, “Baba, nisameheni kwa kulala kanisani.” Yeye ndiye aliyetuomba radhi! Tukakaa kimya kitambo, kisha tukamwomba yeye radhi, mbele ya yule mama.

Habari zake zilikuwa hizi. Alimaliza shule ya msingi, baba yake akafariki, asiende sekondari. Sasa anajiandaa kwa ule uitwao Mtihani wa Maarifa, ambao hapa Tanzania mtu asiyepita madarasa ya sekondari hana budi kuushinda kabla ya kuruhusiwa kuufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Karo ya masomo anailipa kwa mshahara wa ulinzi. Akiacha kazi, masomo yanakufa. Akiacha masomo, atalinda ghala la mtu hata uzeeni.

Tukageuza daftari lake upande wa nyuma, tukafanya hesabu pamoja naye, nasi twaiandika hapa ili wainjilisti waifanye na vijana wao, kwa kuwa ilitufundisha kuliko vitabu vingi. Juma lina saa 168. Kijana hulinda usiku sita, kila usiku saa 12, ndizo 72, zimebaki 96. Mtu mzima ahitaji kulala saa 7 kwa uchache, ndizo 49 kwa juma, zimebaki 47. Njia ya kwenda kazini na kurudi ni saa 2 kila siku ya kazi, ndizo 12, zimebaki 35. Kupika, kula, kuoga na kufua tukaziwekea saa 3 kwa siku, ndizo 21, zimebaki 14. Ibada ya Jumapili na njia yake, saa 4, zimebaki 10. Saa kumi tu katika juma zima, kwa masomo ya miaka mingi yaliyosongwa pamoja! Nasi hatujahesabu ugonjwa, wala msiba, wala kukaa na rafiki.

Kisha yule mama akauliza kwa upole, “Na kwaya je?” Kwaya yetu hujizoeza jioni mbili, saa mbili kila jioni, na Jumamosi umoja wa vijana hukutana saa mbili. Ndizo 6. Zimebaki 4. Basi katika zile kumi, sisi kanisa tulikuwa tumekula sita, na juu yake tukamcheka kwa kusinzia.

“Basi wasoma saa ngapi?” tukamwuliza. Akasema, “Kama ishirini, Baba.” “Nazo zatoka wapi?” Akatazama beseni. Zilitoka katika usingizi. Alikuwa akilala saa nne, na siku nyingine tatu.

Hapa na tukae kidogo, kwa kuwa vijana wengi hufikiri kwamba usingizi ni ghala lisilo na mlinzi, ambamo mtu achukua atakacho. Waganga waliouchunguza mwili watuambia kwamba yale tuliyojifunza mchana, ubongo huyapanga na kuyakaza tulalapo. Asiyelala hupanda mbegu juu ya jiwe: husoma ukurasa mara nne, na asubuhi haupo. Zaburi ya 127, mstari wa 2, yatufundisha kwamba kuamka mapema na kuchelewa kulala kwa ajili ya mkate wa taabu ni bure, na kwamba usingizi ni zawadi ya Mungu kwa ampendaye. Na nabii Eliya, alipochoka hata akaomba kufa, hakuletewa mahubiri kwanza. Alilala chini ya mretemu, malaika akamwamsha ale, akalala tena, akaamshwa tena ale. Ndipo akapata nguvu za safari (1 Wafalme 19).

Martin Luther alilijua jambo hili kwa mwili wake. Alipokuwa mwanafunzi Eisenach, tangu mwaka 1498, aliimba na wenzake milangoni mwa watu apate chakula, kama ilivyokuwa desturi ya wanafunzi wa Ujerumani siku zile. Na katika mwaka 1530, alipowaandikia wazazi juu ya kuwapeleka watoto shuleni, aliwaonya wasiwadharau vijana waombao mkate hivyo, kwa kuwa yeye naye alikuwa mmoja wao. Lakini shida kubwa ilimpata baadaye, alipokwisha kuwa mtawa na mwalimu wa chuo kikuu cha Wittenberg. Iko barua yake kwa rafiki yake Johannes Lang, ya Oktoba 1516, ambamo azihesabu kazi zake: ni mhubiri wa nyumba ya watawa, tena huitwa kuhubiri katika kanisa la mji, ni msimamizi wa masomo, ni mwangalizi wa nyumba kumi na moja za watawa, hufundisha nyaraka za Paulo, hukusanya maelezo ya Zaburi, hata bwawa la samaki la mahali paitwapo Leitzkau limewekwa juu yake. Asema angehitaji waandishi wawili, na kwamba ni mara chache apatapo nafasi kamili ya kuzisali sala za saa zilizoamriwa watawa.

Je, alifanyaje? Aliziweka akiba. Mwenyewe alisimulia uzeeni, mezani pake, kwamba alizirundika sala hizo za juma zima, pengine majuma mawili au matatu, kisha akajifungia siku ya Jumamosi, au hata siku tatu, asile wala asinywe, mpaka azimalize zote. Mwisho wake kichwa kilimwuma vibaya, usingizi ukamkimbia siku tano, akaugua karibu kufa. Alikuwa mtu hodari kuliko sisi, na jambo alilokuwa akilifanya lilikuwa jema. Lakini deni la namna ile halikulipika kwa mkupuo. Mwanafunzi asemaye, “Sasa nina kazi, nitasoma yote majuma mawili ya mwisho,” amejiwekea rundo kama lile la Luther. Heri nusu saa ya kila siku, mtu akiwa na kichwa cheupe, kuliko usiku mzima wa Jumamosi.

Wengine hawaibi katika usingizi wao, bali katika saa za mwajiri. Juu ya hili twapenda kusimulia kisa cha Booker T. Washington, yule Mmarekani mweusi aliyezaliwa utumwani Virginia mwaka 1856, na katika mwaka 1881 akaanza kuiongoza shule ya Tuskegee. Baada ya kuwekwa huru alifanya kazi, angali mtoto, katika matanuru ya chumvi ya Malden huko West Virginia. Kwanza alisoma usiku tu. Kisha akapewa ruhusa ya kwenda shule ya mchana, kwa sharti aamke mapema afanye kazi mpaka saa tatu asubuhi, na arudi kazini saa mbili baada ya shule. Lakini shule nayo ilifunguliwa saa tatu ile ile, tena ilikuwa mbali! Kila siku alifika wamekwisha kuanza. Basi katika ofisi ya tanuru palikuwa na saa ya ukutani, ambayo wafanya kazi wote, kama mia moja au zaidi, waliifuata. Mtoto akapata shauri: kila asubuhi akaingia, akausukuma mshale toka saa mbili na nusu hata saa tatu. Ikawa hivyo asubuhi nyingi, mpaka msimamizi akatambua kwamba saa ina kasoro, akaifungia ndani ya sanduku.

Mwenyewe alikiandika kisa hiki katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1901, wala hakujificha. Sisi hatumhesabu kuwa mwizi mkubwa. Alikuwa mtoto mwenye njaa ya kusoma, na wale waliopanga saa mbili zigongane ndio wenye kosa kubwa zaidi. Walakini, tazameni kilichotokea: nusu saa ile ilifungiwa sandukuni. Alipofika shule ya Hampton, mwaka 1872, mambo yalikuwa mengine. Alipewa kazi ya kufagia na kutunza vyumba ili alipe chakula chake na malazi. Kazi ilikuwa nzito, aliamka kama saa kumi usiku kuwasha mioto na kutazama masomo yake. Lakini kila mtu alijua yeye ni mwanafunzi, naye ni mfagizi, na saa zake zilikuwa wazi. Mapatano ya wazi yalimfikisha mwisho wa masomo.

Kwa hiyo karani asomaye vitabu vyake chini ya meza ya ofisi, na binti wa kazi asomaye jikoni huku maharage yanaungua, twawashauri wakaseme na mabwana zao na mabibi zao. Ni vigumu, twajua. Pengine jibu litakuwa matusi. Lakini saa iliyoombwa ikapewa haifungiwi sandukuni upesi.

Na hapa hatuna budi kusema neno kwa waajiri, maana baadhi yao huketi katika viti vya mbele makanisani mwetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema kwamba saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa juma, na za ziada, tena kwa mapatano, zisizidi 50 katika majuma manne. Kijana wetu alikuwa akifanya saa 27 za ziada kila juma, yaani 108 katika majuma manne. Tajiri wake hatumtaji. Tulikwenda kumwona pamoja na mzee mmoja. Alitupokea kwa adabu, akatupa chai, akasema hakuwahi kuzihesabu. Huenda ni kweli. Amempunguzia usiku mmoja, na mwingine ameahidi. Twangoja. Na ninyi mlioleta mabinti toka vijijini kwa ahadi ya kuwasomesha, ahadi ile Mungu aliisikia. Je, binti amepewa saa yake, au amepewa daftari tu?

Turudi kwa Mtume Paulo, kwa kuwa watu hulitumia jina lake vibaya katika jambo hili. Husema, “Paulo alishona mahema huku akihubiri, nanyi vijana jikazeni.” Ni kweli alishona mahema Korintho, katika nyumba ya Akila na Prisila (Matendo 18:3), na aliwakumbusha Wathesalonike kwamba alifanya kazi usiku na mchana asimlemee mtu (1 Wathesalonike 2:9). Lakini someni na mstari wa 5 wa sura ile ya 18. Sila na Timotheo waliposhuka toka Makedonia, Paulo alishikwa kabisa na kazi ya neno. Kwa nini? Jibu twalipata katika 2 Wakorintho 11:9: ndugu waliotoka Makedonia ndio waliompa alichopungukiwa. Yaani sharika maskini za Makedonia zilichanga, na mahema yakapumzika. Hawakumsifu tu kwa uvumilivu wake. Walimnunulia saa.

Twaogopa kwamba sisi tumezoea kuwasifu. Kijana akimaliza masomo kwa taabu, twampigia makofi siku ya mahafali, twamwita mfano kwa wengine. Lakini alipokuwa na miguu ndani ya beseni, nani alikwenda? Husimuliwa kwamba mama mmoja mcha Mungu wa Eisenach alimpokea Luther mezani pake, asiende tena kuomba mkate milangoni. Sahani moja ya chakula ilikuwa saa moja ya kusoma.

Katika usharika wetu baraza la wazee lilikaa juu ya jambo hili mara mbili; mara ya kwanza halikukubaliana. Mzee mmoja alisema kwamba tukimwachilia huyu kwaya, wote watataka kuachiliwa. Mwalimu wa kwaya mwenyewe ndiye aliyemjibu, akasema ni afadhali awe na sauti moja pungufu mwaka huu, kuliko kumpoteza mwimbaji miaka yote. Basi tukaamua hivi. Kila mwenye kazi na masomo pamoja ataachiliwa mazoezi ya kwaya hata mtihani wake upite, wala hataulizwa kwa nini haonekani. Chumba cha Shule ya Jumapili, ambacho siku za kazi hukaa tupu, kitafunguliwa kwa wasomao, na ufunguo anao yule mama mzee wa kanisa. Walimu wawili wa sekondari walio washarika wetu watakuja Jumamosi alasiri, kwa zamu, kufundisha hesabu na Kiingereza. Wamekwisha kuja vijana tisa, ambao hatukujua kabisa kwamba wanasoma: mmoja huendesha pikipiki ya abiria, wawili ni mabinti wa kazi za nyumbani, na mmoja ni mtu mzima mwenye wajukuu, asomaye katika Chuo Kikuu Huria, kile kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wasioweza kuacha kazi zao. Tena karibu wote walituambia neno moja, kwamba walificha masomo yao wasije wakachekwa wakishindwa.

Wainjilisti wanaweza kuwauliza wanafunzi wao maswali haya: Eutiko alipoanguka, nani walikuwa karibu na dirisha? Katika mtaa wetu, saa za vijana wasomao zaliwa na nani? Na kanisa lala ngapi? Hesabu ifanywe kwa chaki, ubaoni, mbele ya watu wote.

Kwa habari ya mahubiri, sisi wachungaji tumejiwekea sharti jipya. Paulo alihubiri hata usiku wa manane, lakini yeye aliweza kushuka akamwinua aliyeanguka. Nasi tusio na kipawa hicho yatupasa kuitazama saa. Kijana wetu amerudi. Jumapili iliyopita alikuja moja kwa moja toka zamu ya usiku, angali na koti la ulinzi, akaketi benchi la tatu toka nyuma, na kabla ya somo la Injili kwisha alikuwa amelala. Yule mama akasogea karibu, akamwekea bega. Tulimwona toka mimbarani, tukashusha sauti kidogo, tukaendelea.